Walioacha Msitu Uote

Mji wa Gede, kusini kidogo ya Malindi, ulikuwa na msikiti mkuu, jumba la mfalme, nyumba za mawe zenye vyoo na visima, na kuta mbili, ule wa ndani na ule wa nje, zilizozunguka eneo la ekari zipatazo 45. Wakazi wake waliuhama mwanzoni mwa karne ya 17. James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948, mji huo ulikuwa chini ya msitu: mizizi imepasua kuta, miti mikubwa imesimama katikati ya vyumba vya kulala. Wageni wanaokuja leo huondoka wakisema wameona mji uliomezwa na msitu wa kale. Mpangilio wa miaka unasema kinyume. Hapa mji ndio wa kale, msitu ndio mchanga. Palipokuwa na ua, jiko na mtungi wa maji katika karne ya 16, leo kima wanaruka juu, na chini yao, kwenye majani makavu, sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu anachakura wadudu, mnyama asiyepatikana popote duniani nje ya misitu michache ya pwani ya Kenya. Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ajili ya mawe yake. Miti yake inastahili kusomwa kwa umakini uleule, kwa kuwa nayo ni hati ya historia.

Katika kaunti ya Kilifi, iliko Gede, tumezoea kuuzungumzia uoto wa asili kana kwamba ni mabaki, sehemu ambayo panga na tingatinga bado hazijafika. Mwenye kuamini hivyo hana la kufanya ila kuhesabu hasara mwaka baada ya mwaka. Historia ya eneo hili, kutoka Rabai hadi ng'ambo ya mto Sabaki, ina habari nyingine. Sehemu kubwa ya misitu tunayoiita ya asili imepitia mikononi mwa watu: imekatwa, ikaachwa, ikaota upya, ikawekewa miiko, ikatetewa, na hapa na pale ikapandwa mche kwa mche. Kuotesha mimea ya kienyeji ili ndege na wanyama wapate makao hakukuletwa na mashirika ya uhifadhi juzi na jana. Ni kazi ya zamani ya pwani hii, na masharti yake yanajulikana. Mmea wa asili umedumu pale ulipokuwa na mwenyewe wa kuusemea, na pale ulipomfaa huyo mwenyewe kwa jambo fulani maishani mwake. Ulipokosa kimojawapo kati ya hivyo viwili, haukukaa.

Ushahidi mkubwa ni kaya za Wamijikenda. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba makabila haya tisa yalishuka kutoka Shungwaya, kaskazini, yakikimbia mashambulizi, na kujenga vijiji vyenye boma, ndivyo kaya, juu ya vilima vilivyofunikwa na msitu mnene. Wanahistoria wamebishana sana juu ya safari hiyo. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu kaya, aliyapa masimulizi hayo uzito mkubwa. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa baadaye na Richard Helm ulionyesha kwamba wakulima walikuwa wakiishi bara hii ya pwani karne nyingi kabla ya safari hiyo. Kwa hoja yangu ubishi huo unasaidia kuliko kudhuru. Ikiwa watu walilima vilima vya Kaloleni na Rabai tangu milenia ya kwanza, basi msitu uliosalia juu ya vilima hivyo umekuwa jirani wa jembe kwa muda mrefu mno, na kusalia kwake hakuwezi kuelezwa kwa kusema kwamba hakuna aliyeufikia. Walioufikia walikuwa wengi. Palikuwa na uamuzi.

Mpango wa kaya wenyewe unaonyesha uamuzi huo. Katikati palikuwa na uwanja wenye nyumba, na mahali pa siri palipozikwa fingo, kinga ya kabila zima. Kuizunguka, msitu uliachwa kama ngome, ukatobolewa kwa njia chache nyembamba zenye milango. Kuanzia karne ya 19 watu walianza kutoka kwenda kulima mabondeni na tambarare, na kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi hazikuwa na wakazi tena. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari yote. Ngome ilikuwa imepoteza kazi yake. Hakuna adui aliyekuwa akija. Kwa hesabu ya kawaida ya shamba na kuni, vilima vile vingekatwa katika kizazi kimoja. Badala yake wazee waliendelea kukataza kukata mti, kuingiza ng'ombe, kutoka nje ya njia, na aliyevunja mwiko alitozwa mbuzi au kuku na kutakiwa kufanya kafara. Uwanja wa katikati, uliokuwa kijiji, nao ukaanza kuota miti. Kaya ikawa makao ya koma, yaani mizimu ya mababu, mahali pa kuombea mvua na kuapishia watu. Yaani msitu ulipewa kazi mpya, na wenyewe walewale wakabaki kuwa wenyewe. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke, waliozikagua kaya hizi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990, walikuta ndani yake utajiri usiolingana kabisa na udogo wa eneo. Zaidi ya nusu ya mimea adimu ya Kenya ipo pwani, na mingi inaishi katika viraka hivi, ambavyo baadhi havizidi shamba la familia moja kubwa.

Kuna pingamizi la haraka hapa: wazee hawakuwa wakiwatunza ndege wala mimea adimu, walikuwa wakiogopa mizimu, na msitu ulinufaika kwa bahati. Ni kweli kwamba hakuna mzee wa kaya aliyekaa kuhesabu spishi. Lakini hoja hiyo ikichukuliwa kwa uzito inabomoa karibu kila hifadhi duniani. Misitu mingi ya Ulaya iliyosalia ilisalia kwa sababu wafalme walitaka mahali pa kuwindia. Kinachohesabika ni kwamba kanuni ilikuwepo, ilijulikana, ilikuwa na mtu wa kuisimamia na adhabu ya kumpata mvunjaji. Tena kuuita ule utaratibu woga ni kuupunguza mno. Aliyezuiwa kukata mti kayani aliruhusiwa mambo mengi mengine kwa idhini: dawa, mikutano, maziko, suluhu za ugomvi. Kaya ilikuwa mahakama, hospitali na baraza kwa wakati mmoja, na msitu ndio uliokuwa kuta zake. Watu hulinda jengo la namna hiyo kwa sababu linawafaa.

Waingereza walilifahamu hilo vizuri kuliko wanavyolifahamu baadhi ya wasomi wetu. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walipowaapisha Wagiriama, kabila mojawapo la Wamijikenda, kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa, viapo vilifanyika Kaya Fungo. Mekatilili alikamatwa na kupelekwa magharibi mwa Kenya, akatoroka. Agosti 1914 serikali ikaitia baruti kaya hiyo. Haikuwa ngome ya kijeshi. Wakazi wake walikuwa wameshatawanyika. Ililipuliwa kwa sababu msitu ule ulikuwa mahali ambapo amri ya Wagiriama ilitoka. Mapigano yaliyofuata yalipokwisha na watu waliohamishwa kuruhusiwa kurudi katika ardhi yao, walirudi pia kayani, na Kaya Fungo ipo mpaka leo, na watu bado huenda kuomba huko. Ikiwa msitu unaweza kulipuliwa na serikali na ukaota tena kwa kuwa wenyewe hawakuuacha mkono, basi hatuna budi kutafuta nguvu ya uoto huu mbali zaidi ya rutuba ya udongo.

Upande wa Malindi unatupa kielelezo cha pili, kichungu zaidi. Johann Ludwig Krapf alipopita miaka ya 1840, mji ule uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ulikuwa gofu lililoota mwitu. Ulifufuliwa kuanzia mwaka 1861 hivi, chini ya utawala wa Sayyid Majid wa Zanzibar, na ndani ya miaka 20 ukawa ghala la mtama na ufuta lililolisha Arabuni. Frederick Cooper ameeleza kwa kina kazi hiyo ilifanywa na nani: watumwa, maelfu yao, wakikata vichaka na kulima mashamba yaliyoenea maili nyingi nje ya mji. Waliotoroka walikimbilia bara, kwenye misitu, wakaanzisha vijiji vyao kama Fuladoyo. Utumwa ulipopigwa marufuku nchini mwaka 1907, mashamba yale yalikosa mikono, na mwitu ukarudi kwa mara nyingine. Lakini safari hii ulirudi katika ardhi iliyokuwa ikiandikiwa hati. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwatambua wenye madai ya kibinafsi kwenye ukanda wa pwani, na Wagiriama na waliokuwa watumwa waliolima hapo wakajikuta maskwota katika ardhi waliyoifyeka wenyewe.

Hali hiyo ya uskwota imeathiri mimea ya Kilifi kuliko ukame wowote. Katika desturi ya pwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti, na kupanda mti wa kudumu ni kutia madai. Kwa hiyo mwenye hati humruhusu skwota kulima mahindi na muhogo, humkataza mnazi na mwembe. Mtu asiyeruhusiwa kupanda mnazi atapandaje mbambakofi, mti unaohitaji miaka mingi sana kabla haujatoa ubao? Anaposemwa kuwa hajali mazingira, lawama inamkosa mwenye makosa. Anajali sawasawa na jinsi sheria ilivyomruhusu kujali. Hili ndilo jibu langu kwa wanaodhani kwamba umaskini ndio adui wa mti wa kienyeji. Watu wa kaya hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni uhakika kwamba wajukuu wao wangekuwa pale.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu Arabuko-Sokoke. Huu ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, mkubwa kuliko kaya zote zikijumlishwa, na umelindwa na serikali tangu enzi za ukoloni, si na wazee. Ndani yake yupo bundi mdogo wa Sokoke, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1966 tu, na upo msitu wa mirihi, na vichaka vizito vya udongo mwekundu ambamo ndovu wamo ila hawaonekani. Je, msitu huo hauthibitishi kwamba uzio na askari vinatosha? Kwa miaka mingi vilionekana kutosha, ingawa mibambakofi na mihugu mikubwa ilichukuliwa, kwanza na viwanda vya mbao kwa leseni, baadaye na misumeno ya usiku bila leseni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwauliza majirani wa msitu wanataka nini, na zaidi ya nusu walijibu kwamba wanataka msitu wote ufutwe wagawiwe mashamba. Hawakuwa na chuki na miti. Walichopata kutoka msituni kilikuwa ndovu na nyani walioshuka kula mahindi yao. Msitu ule ulikuwa na mwenyewe, serikali, aliyekaa mbali. Kwa watu walioamka kila asubuhi kando yake haukuwa na kazi. Nusu ya masharti ilikuwepo, nusu haikuwepo, na msitu ulisimama kwa nguvu ya bunduki za walinzi wachache.

Mwaka 1993, katika uwanja uleule wa magofu ya Gede, mwanasayansi Ian Gordon na wenzake wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walianza mradi wa Kipepeo. Wakulima walinasa vipepeo wachache pembezoni mwa msitu, wakawaweka katika vizimba vya wavu penye miche ya chakula cha viwavi wao, wakakusanya mayai, wakalisha viwavi hadi wakawa mabundo, kisha mabundo yakasafirishwa kwa ndege kwenda mabanda ya maonyesho ya Uingereza, Marekani na kwingineko. Kwa historia ya mimea, jambo la maana ni lile la katikati. Kila kipepeo ana mmea wake. Wapo wanaotosheka na mlimau au mchungwa wa uani. Wengi hawataki. Mmoja wa wale vipepeo wakubwa wanaopenda kivuli cha msitu, wa jamii ya Charaxes, hulea viwavi wake juu ya mbambakofi. Mkulima anayetaka kumuuza huyo hufaidika kuwa na mbambakofi karibu na nyumba. Kwa hiyo wanawake na wanaume wa Gede, Mijomboni na vijiji vya jirani walianza kuotesha, katika vitalu vya nyuma ya nyumba, miti na mitambaa ambayo kwa vizazi viwili ilikuwa ikitambuliwa kama kuni au magugu. Walijifunza mbegu ipi ilowekwe, ipi ikwaruzwe, mche upi hauvumilii jua. Maarifa hayo hayakuwa yameandikwa popote. Uchunguzi uliorudiwa miaka michache baadaye ulionyesha kwamba mawazo ya wafugaji hao wa vipepeo kuhusu msitu yalikuwa yamegeuka.

Nauthamini mradi huu sana, na kwa sababu hiyo udhaifu wake usifichwe. Soko lake liko ng'ambo. Mwaka 2020, korona ilipofunga mabanda ya maonyesho na kusimamisha ndege, bundo lililokuwa tayari halikungoja. Lilipasuka, kipepeo akaruka, na mapato yakaruka naye. Mtu anaweza kusema kwamba kazi inayotegemea watalii wa Ulaya ni kamba nyembamba ya kuufungia msitu. Nakubali kwamba ni nyembamba. Hata hivyo biashara ya mazao ya msitu katika pwani hii imetegemea soko la mbali tangu zamani. Sandarusi iliyochimbuliwa chini ya misandarusi ilikwenda kutengenezea vanishi Marekani katika karne ya 19. Mpira wa mwituni na pembe za ndovu vilipita kwa Wagiriama kwenda Mombasa na mbele. Dosari haiko kwenye umbali wa soko. Dosari ni kuwa na kazi moja tu. Kaya ilidumu kwa kuwa ilipopoteza kazi ya ngome ilikuwa tayari na kazi ya ibada, na ya dawa, na ya baraza. Asali ambayo Kipepeo iliiongeza kwenye bidhaa zake, na ada za wageni wa hori la Mida ambazo shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya imezigeuza kuwa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu, ni nyuzi nyingine zinazosokotwa kwenye kamba hiyohiyo.

Wakati huohuo, kwenye bustani, historia ilikwenda njia nyingine. Hoteli za kwanza za Malindi zilifunguliwa miaka ya 1930, na bustani zilizowekwa mbele yake zilifuata mtindo wa makoloni ya joto duniani kote: bogenvilia ya Amerika Kusini, msanapichi wa Amerika ya Kati, mkrismasi wa Madagaska. Mashambani mkonge wa Meksiko ulikuwa umeshatandazwa Vipingo na Kilifi, na mkorosho wa Brazili ulikuwa mwenyeji wa siku nyingi. Mwarobaini wa India ulipandwa kwa dawa na kivuli chake, na ndege wakaueneza hadi ndani ya kaya. Sina ugomvi na mimea hii kwa kuwa ni ya kigeni. Mwembe nao ni mgeni, na mnazi umezunguka bahari nzima. Kuna hata somo la René Haller, ambaye mwaka 1971 alianza kupanda miti katika machimbo ya chokaa ya Bamburi, upande wa Mombasa. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu: mvinje, mnazi na konokapasi. Mvinje ndio uliotia kivuli, jongoo wakasaga majani yake kuwa udongo, na chini ya kivuli hicho miti ya kienyeji ikapata pa kusimama. Kwenye ardhi iliyochunwa hadi mwamba, mgeni anaweza kuwa mkunga wa mwenyeji. Wakulima wa Malindi wanaopanda mvinje kwa ajili ya nguzo wanapata fedha ndani ya miaka michache, na hakuna mti wa asili utakaowapa hizo kwa muda huo. Ila kiwavi wa mbambakofi hali mvinje. Ndege wa Sokoke hatagi juu ya bogenvilia. Bustani inaweza kujaa kijani kutoka ukuta hadi ukuta na kwao ikawa kama sakafu ya saruji.

Mwarobaini unanilazimisha pia kurekebisha hoja yangu ya mwanzo. Gede iliachwa karne ya 17 na msitu ukarudi wenyewe, kwa kuwa mbegu zilizokuwa zikipeperushwa na kubebwa na ndege wakati huo zilikuwa za msitu wa jirani. Leo ukiacha shamba Watamu, kinachotangulia ni mwarobaini na lantana. Kuacha peke yake hakutoshi tena. Lazima kung'oa kuingie, na kupanda, na kujua nini cha kung'oa. Mwaka 2022 tulionyeshwa upande wa pili wa kutojua nini cha kung'oa, mibuyu mikubwa ya Kilifi ilipong'olewa na mizizi yake ili ikapambe bustani nchini Georgia, kwenye Bahari Nyeusi, hadi Rais William Ruto akaagiza uchunguzi mwezi Novemba. Tajiri wa mbali aliona pambo katika mti ambao mwenye shamba, kwa shida za fedha, alikuwa tayari kuuachilia apate nafasi ya mahindi. Mbuyu ule ulikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe huyo hakuwa ameachiwa kazi yoyote ya kuufanyisha.

Nimesema mengi kuhusu miti. Nyasi zina historia inayofanana, na imeandikwa kidogo zaidi. Nyumba ya zamani ya Kigiriama ilikuwa ya nyasi kutoka chini hadi kileleni. Makuti yalikuja kutawala kadiri minazi ilivyoenea, kisha mabati. Nyumba moja ya nyasi ilihitaji mizigo mingi ya nyasi ndefu zilizokomaa, na nyasi hizo zilikuwa kwenye makonde yaliyopumzishwa miaka kadhaa. Familia iliyotaka paa ilikuwa na sababu ya kuacha kipande cha ardhi kilale. Paa lilipobadilika na mashamba yakagawanywa kwa hati, sababu hiyo ilikwisha, na hakuna aliyeilia. Hata bustani zilichukua ukoka pekee wa kufyekwa chini, ingawa ukoka mpana uitwao nyasi ya Pemba ni mwenyeji halisi wa fukwe za Bahari ya Hindi na hustahimili chumvi na kivuli cha minazi bila kubembelezwa. Nyasi ndefu hazikuingia katika bustani yoyote. Zikaitwa pori.

Gharama ya usahaulifu huo inaonekana Dakatcha, kaskazini ya Sabaki, katika Magarini. Kuna mnana mmoja mwenye manjano tumboni, anayejulikana kwa jina la Clarke, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1913, na asiyeishi popote duniani nje ya sehemu hii ya Kilifi. Makundi yake yalikuwa yakionekana juu ya mirihi ya Arabuko-Sokoke, kisha yanatoweka. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua anakotagia. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana Dakatcha. Havikuwa kwenye mti wowote mkubwa wa msitu. Vilikuwa kwenye ndago na nyasi za kinamasi, katika mabwawa yanayojaa wakati wa masika na kukauka baadaye. Ndege ambaye tulidhani ni wa msitu anahitaji nyasi ili apate watoto. Msitu wote wa Arabuko-Sokoke, pamoja na askari wake, haumtoshi bila vidimbwi ambavyo kwa sehemu kubwa ya mwaka vinaonekana kama uwanja mtupu.

Uwanja mtupu ndio unaotafutwa na kila mpango. Muda mfupi kabla ya viota kupatikana, palikuwa na mpango wa kugeuza hekta 50,000 za eneo hilo kuwa shamba la jatrofa kwa ajili ya mafuta ya magari. Wenyeji na wahifadhi waliupinga hadi ukasimama. Mananasi na mkaa vinaendelea kula kingo. Na sasa kuna lengo la taifa, lililotangazwa mwaka 2022, la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Ni lengo jema kwa vilima vilivyochunwa, na ni la hatari kwa kinamasi cha nyasi ambacho afisa mwenye miche ya kupanda na takwimu za kutimiza atakiona hakina kitu. Wapo watakaosema kwamba ni anasa kubishania nyasi za ndege mmoja wakati Ganze na Magarini wanalia njaa mvua zikikosekana. Lakini kinamasi kile ni malisho ya kiangazi, ni maji ya ng'ombe, ni mahali pa kukata nyasi za kuezekea kwa asiyeweza mabati. Mambo anayohitaji mnana na mambo anayohitaji mfugaji hapa yanakaribiana kuliko mahali pengi. Kazi, basi, ipo. Kinachopungua ni mwenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya Dakatcha haimo katika hifadhi yoyote rasmi ya serikali. Vikundi vya wenyeji vimeshaanza ulinzi wakisaidiwa na shirika la Nature Kenya, na A Rocha Kenya imenunua vipande vya msitu. Kununua kipande kwa kipande hakutafika mbali bila Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 kutumiwa, maana inaruhusu jamii kusajili ardhi kwa jina lake na kuiwekea kanuni zake, kama mabaraza ya wazee yalivyofanya kayani bila sheria hiyo. Kwa kila bwawa, la kwanza ni kukubaliana nani ana haki ya kukata nyasi, kuanzia mwezi gani baada ya makinda kuruka, na nani atakayemtoza mbuzi yule atakayeingiza jembe humo wakati pamekauka.